Dizeli ya Mama Ritha

Mama Ritha akizungusha hendeli ya injini, usimsemeshe. Mimi nilimsemesha mara moja akanitupia jicho ambalo sijalisahau, kisha akaendelea na kazi yake, kitenge amekikaza kiunoni, kilemba kimelegea, mguu mmoja mbele, mwingine umejikita nyuma. Injini ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, ikakubali. Ndipo akajifuta jasho akanipigia kelele, "Haya, Mama Adam, ulikuwa unasemaje?" Nilikuwa nimeshasahau. Na hata ningekumbuka, kwa mlio ule asingenisikia.

Jina lake ni Melania. Ni binti wa Ushirombo, katoka kwenye familia ya wakulima wa Kikatoliki, watu wa kusali na kulima, kulima na kusali. Aliolewa huku kwetu, kwenye senta iliyo kando ya barabara ya Nyarugusu, na utingo wa lori la mafuta. Mimi nauza maandazi mbele ya mashine yao ya kusaga miaka mingi sasa. Ninayoyasimulia mengi nimeyaona, na ambayo sikuyaona niliyasikia, maana chumba chao cha kulala na banda la mashine vinatenganishwa na ukuta mmoja wa tofali za udongo, nao una nyufa.

Mumewe anaitwa Samwel, lakini senta nzima tunamwita Mzee Pipa. Si kwa unene. Samwel ni mwembamba, suruali zake zote zinashikiliwa na mkanda na huruma ya Mungu. Tulimwita Pipa kwa sababu ya pipa la mafuta ghafi, ambalo hakuwahi kuliona kwa macho lakini habari zake alizijua kuliko za shemeji zake. Ujanani alizunguka na lori kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, mara nyingine hadi mpakani mwa Rwanda, na dereva wake alikuwa mtu wa redio. Huko ndiko alikojifunza kwamba bei ya dizeli haizaliwi kituoni Geita, inakuja pale ikiwa mtu mzima tayari. Alipochoka na barabara akanunua injini ya Kihindi ya silinda moja, akaifunga na kinu cha mahindi, na redio akaitundika kwenye msumari mmoja na rozari ya mkewe.

Tangu hapo, ukimpelekea mahindi ulirudi na unga na somo.

"Jamani, kuna mafuta ya Brenti," angesema huku anamimina mahindi kinuni. "Hayo ndiyo mzani wa Ulaya. Kuna ya Texas, hayo ni ya Wamarekani. Halafu kuna ya Dubai na Omani. Hayo ndiyo yanayotuhusu sisi, maana meli zetu zinapakia kule Ghuba. Lakini msidhani kila soko linakaa kivyake. Mbuzi mmoja akiruka ua, wenzake wanamfuata."

"Mzee Pipa, sisi tumefuata unga."

"Si ndio unga huo ninaousema? Bomu likilia Ghuba leo, lipe miezi miwili, litalia kwenye ugali wako."

Tulimcheka sana. Asubuhi tukipita tulimwamkia kwanza, "Shikamoo Mzee Pipa," kisha tunamuuliza, "Pipa limeamkaje?" Kama bei imepanda anajibu, "Limeamka na homa." Kama imeshuka, "Bado limelala, msilisumbue." Na kwa kupanda, sitamsingizia, alikuwa hakosei. Urusi ilipoingia Ukraine alitutangazia mapema, sisi tukaona ni maneno ya mtu mwenye redio, na baadaye tukasaga kwa bei iliyotukumbusha vinu na michi ya bibi zetu. Kutabiri kushuka ndiko kulikomshinda. Kila mwaka mafuta yangeshuka baada ya Pasaka, na Pasaka zikapita na Ekaristi zake zote.

Mkewe hakumcheka. Alikuwa anakaa kwenye kigoda, anachekecha pumba za kuku, anamsikiliza mumewe akieleza habari za matanki na mabomba kwa watu wasiomsikiliza, na uso wake unang'aa. Niliwahi kumuuliza kama anaelewa chochote. Akaniambia, "Haki ya Mungu sielewi. Lakini muangalie anavyofurahi."

Basi mwaka juzi, msimu wa kupalilia, kiharusi kikampiga Samwel shambani. Alipelekwa hospitali Mwanza, akarudi upande wa kulia haufanyi kazi na mdomo umekwenda pembeni. Maneno yalikuwa yamekwisha. Alilala ameelekea ukutani, uji ukiletwa anafumba mdomo. Yule mtu ambaye hatukupata kumnyamazisha, sasa tulikuwa tunamwomba aseme hata neno moja la ovyo. Muuguzi wa zahanati alikuja akamwambia Melania asikate tamaa, maneno yanaweza kurudi kidogo kidogo, na asubuhi ndio wakati mzuri, kabla mwili haujachoka.

Mashine ilikaa kimya karibu msimu mzima. Siku Melania alipoamua kuiwasha mwenyewe, kwa kuwa watu walihitaji unga na yeye alihitaji kula, alizungusha hendeli hadi viganja vikachubuka. Ilipowaka, mimi nilikuwa mlangoni kwa mgonjwa nimeshika bakuli la uji. Nilimwona Samwel akigeuza kichwa. Vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kupiga godoro, taratibu, vikifuata mlio. Nikampelekea kijiko mdomoni, akafungua. Nilitoka mbio kumwita mkewe, nikamwaga nusu ya uji njiani, na tulisimama wawili mlangoni tukimwangalia yule mzee anavyomeza, tukilia na kucheka.

Kuanzia siku hiyo Melania aliamini kitu kimoja tu duniani: injini ndiyo inayomlisha mumewe. Huwezi kumlaumu, hata mimi niliamini.

Haikupita muda mrefu, mambo ya Ghuba yakachafuka. Redio ikawa haina habari nyingine ila meli kutishiwa baharini, Brenti juu, Dubai juu, wataalamu huyu anasema yatashuka, yule anasema tukaze mkanda. Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku EWURA, wadhibiti wa nishati, wanayotangaza bei kikomo ya mafuta, dizeli ikapanda. Mwezi uliofuata ikapanda tena. Melania akachomoa betri za redio, akamwambia mumewe zimeisha. Hakutaka mgonjwa asikie homa ya pipa wakati ana ya kwake.

Lakini bei huwezi kuichomoa betri. Masele wa upande wa chini wa senta alikuwa ameshafunga mota ya umeme, anasaga kwa bei ndogo, na wateja wakaanza kuteremkia kwake. Siwalaumu, hata mimi nilipitisha ndoo yangu kule siku mbili tatu, kwa njia ya nyuma. Ritha, binti yao mwenye saluni Chato, alipokuja kuona baba yake na kukuta banda halina foleni, hakubishana na mtu. Akarudi Chato, akauza alichouza, akaja na mota juu ya kigari cha mizigo, kirikuu.

"Mama, dizeli itatumaliza," alisema. "Hii iliyopanda leo, hata ikishuka Uarabuni kesho, huku itachukua muda kushuka. Baba mwenyewe ndiye aliyetufundisha."

Melania akakubali. Mota ikafungwa. Ile mikanda mirefu ya injini akaichukua Donatus, mnunuzi wa mashine kutoka machimbo ya Nyarugusu, kwa ajili ya karasha lake la kusagia mawe ya dhahabu. Donatus akaizunguka injini yenyewe, akaipapasa kama mtu anayenunua ng'ombe. "Hii nayo naitaka, mama. Sisi kule dhahabu imepanda, dizeli ipande ishuke hatuna habari nayo. Sema tu nije na lori langu la Fuso." Ritha akapiga hesabu za mdomo palepale: hiyo pesa ingempeleka baba Mwanza kwenye mazoezi ya viungo, akakae huko hadi mkono urudi. Melania akasema atafikiria.

Siku ya kwanza ya mota sisi wanawake tulishangilia. Haina moshi, haina kelele, inanguruma chini chini na unga unatoka laini. Tulikuwa tunaongea bila kupayuka, kitu ambacho hakikuwahi kutokea katika banda lile. Lakini ndani, Samwel alikuwa amegeukia ukutani. Uji wa asubuhi ukarudi, na wa mchana ukarudi. Jioni nikamkuta Melania nyuma ya banda, chini ya dirisha la chumba chao, ameketi kwenye pumba, anajifuta kwa ncha ya kitenge.

"Nimemuua, Mama Adam," aliniambia. "Nimemzimia injini yake, nimemuua."

Kesho yake alfajiri nikaamshwa na tuku, tuku, tuku. Nilikuja na taa ya simu nikamkuta amesimama pembeni ya injini, mikono kiunoni. Injini haikuwa imefungwa na kitu chochote. Haikuwa na mkanda wala kinu. Ilikuwa inajizungukia peke yake, inakunywa dizeli ya bei ile, haisagi hata punje moja ya mahindi. Na ndani Samwel alikula uji bakuli zima.

Ikawa ndiyo desturi. Kila asubuhi anaiwasha, anakaa nayo mpaka jua likae sawa, anaizima, kisha anawasha mota na kuanza kazi. Faida ya mota yote ikaenda kwenye dumu la dizeli. Ritha akawa anapiga simu kutoka Chato, anauliza kuhusu Donatus, na mama yake anamjibu kuwa mtandao unakata. Nilimsema. Mimi ni mtu wa kusema, na siwezi kuona ujinga nikauacha upite bila kuuamkia.

"Melania, unaichoma Mwanza ya mumeo kwenye bomba la moshi," nilimwambia. "Uza injini, mpeleke akatibiwe."

"Na akifa njaa kabla hatujafika huko?" Hakupandisha sauti. "Wewe ungekuwa na mgonjwa anayekula kwa sababu ya mlio, ungeuzima?"

Nikampa maandazi mawili ya kumpelekea.

Sasa, mnajua mashine za vijijini. Juu ya bomba la moshi hufungwa kopo, ili mlio uende mbali, na watu wa vitongoji vyote wakiusikia wajue leo inasagwa, wajitwike. Melania hakulitoa lile kopo. Wateja wa karibu walijua mlio wa siku hizi si wa kusaga, ni wa mgonjwa, nao walisubiri mota. Wa mbali hawakuwa na habari, maana kila walipofika walikuta mota inasaga.

Jumatano moja umeme ukakatika tangu usiku. Mota ya Masele kimya, mota ya Melania kimya, senta nzima haina unga. Alfajiri injini ya Melania ikaanza kuita kama kawaida yake, na vitongoji vikaitikia. Walikuja na ndoo, walikuja na madebe, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu. Vaileth, mwanamke kijana wa kule bondeni, alifika amembeba mtoto mgongoni na sado mbili za mahindi kichwani, jasho linamtiririka. Na ndiyo siku Donatus naye aliyochagua kuja na Fuso lake kubembeleza tena.

Walipoona injini inalia na kinu kimelala, mambo yakaharibika.

"Inalia nini kama haisagi?" Vaileth aliuliza.

Melania akajaribu kueleza, lakini utaelezaje jambo la namna ile kwa kupiga kelele, mbele ya watu waliotembea tangu alfajiri? Wakadhani anawadharau. Wengine wakasema funga mkanda basi, akasema mikanda imeshauzwa, wakazidi kuchemka. Vaileth, aliyekuwa na haki ya kukasirika, akapaza sauti hadi mtoto akaamka: "Redio imetangaza, dizeli imepanda tena leo! Watu hatuna hata ya kibatari, na mama huyu anaichoma bure!"

Hapo ukuta ukagongwa kutoka ndani. Ngo, ngo, ngo, kikombe cha bati kwenye tofali.

Melania alikimbia, mimi nyuma yake. Samwel alikuwa amejivuta hadi nusu ya kitanda, kikombe mkononi, macho yake mekundu. Mdomo ulikuwa unacheza lakini kwa kelele ile ya injini hatukupata kitu. Melania akainama, akaweka sikio, akatikisa kichwa. Samwel akaacha kikombe kianguke, akanyoosha mkono wake mzima, akakunja vidole na kuvuta kitu hewani kuelekea kwake. Mtu yeyote aliyewahi kuingia bandani anaijua ishara ile. Ni ya kuzima.

"Sizimi!" Melania alimpigia kelele sikioni. "Nikizima hutakula!"

Samwel akarudia, vuta, vuta, na machozi yakaanza kumtoka kwenye jicho moja. Nikatoka nje. Mimi niliyekuwa napiga domo kila siku kwamba izimwe, sikujua hata pa kushika. Nikamwonyesha Donatus kwa mkono, naye akavuta wenzo. Injini ikapunguza, ikayumba, ikakata. Wanawake wale wote walinyamaza pamoja nayo.

Kutoka chumbani ikasikika sauti. Ilikuwa ndogo, imekwaruza, maneno yamekatikakatika, lakini ilikuwa ya Samwel.

"Tupu," alisema. "Inazunguka... tupu."

Nilirudi mlangoni. Melania alikuwa amepiga magoti sakafuni, mikono kinywani. Nikaelewa, na yeye alikuwa ameshaelewa. Injini inayosaga hulemewa, ukimimina mahindi inaguna, yakiisha inachangamka. Inayozunguka bure haigunii kitu. Melania aliweza kuwadanganya watu wa bondeni kwa lile kopo, lakini aliyelala pale alikuwa amekula na kulala na injini ile nusu ya maisha yake.

"Ulijua?" Melania aliuliza.

"Siku... ya kwanza."

"Sasa mbona ulikuwa unakula, Baba Ritha? Mbona ikizima unakataa, ikiwaka unakula?"

Samwel akapumzika. Maneno yalikuwa yanamtoka kwa taabu, moja baada ya moja, na sisi tulisubiri kila moja lifike.

"Ilizimwa... ukalia. Hapo." Akainua kidevu kuelekea dirishani. "Ikawashwa... hukulia."

Jamani. Yule mzee, ambaye dizeli ikimwagika tone moja angeitafuta kwa kidole, alikuwa analala pale kila asubuhi anasikiliza dizeli ya bei ile ikiungua bure, na anavumilia, na anameza uji wake kwa utiifu, akidhani mkewe ndiye anayehitaji ule mlio. Na mkewe upande wa pili wa ukuta amesimama, viganja vina malengelenge, akidhani anayeuhitaji ni mumewe. Niliangua kilio mlangoni pale bila aibu yoyote, na Vaileth nyuma yangu naye, hasira zote zimemwisha.

Melania alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Mpumbavu wewe," alimwambia. "Nilikuwa naiwasha kwa ajili yako!"

Upande mmoja wa mdomo wa Samwel ukacheka. Akamwangalia Donatus aliyekuwa anachungulia nyuma ya mabega yetu, akasema, "Abebe." Donatus, ambaye kwa kawaida ana maneno ya kujaza Fuso zima, aliitikia tu, "Ndiyo, baba." Akarudi nyuma, akawaondoa na watu mlangoni.

Nami nilikuwa nageuka niwaache, nikamsikia Melania akiuliza swali ambalo sote tungepaswa kuwa tumeliuliza.

"Samwel, umeanza kuongea lini?"

"Zamani," alisema. "Asubuhi. Kila... asubuhi."

Nilimwona Melania akigeukia ukuta ule wenye nyufa, kisha mikono yake mwenyewe. Muuguzi alikuwa amesema asubuhi. Na kila asubuhi, kuanzia alfajiri mpaka jua linakaa sawa, yeye alikuwa nje na injini inayopiga kelele za kuwaamsha watu wa bondeni, na alipoizima na kuingia, mwili wa mumewe ulikuwa umeshachoka na kinywa kimeshafumba.

"Ulikuwa unasema nini, baba?" aliuliza, na sauti yake haikuwa na nguvu hata kidogo.

Samwel akavuta pumzi.

"Mwangaluka, mayu."

Ni salamu tu. Katika kila nyumba ya Wasukuma husemwa kukipambazuka, umeamkaje mama. Melania akapanda kitandani na vumbi lake la pumba, akaushika ule mkono usiosikia, akaitikia, "Mwangaluka, baba." Akaitikia tena. Nikamfungia mlango, na nilipofika kwenye meza yangu ya maandazi nilimsikia bado anaitikia, moja baada ya nyingine, salamu za asubuhi zote zilizompita.